Alikataa Dhambi, Hakumkataa Mkosefu



Ndugu wapendwa, wapo waamini wanaoogopa kusamehe kwa kuwa wanadhani kufanya hivyo ni kusema kosa halikuwa kosa. Jumapili hii tumtazame Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista wa Kongo, ambaye siku ya mwisho ya maisha yake alitufundisha tofauti.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, akabatizwa mwaka 1943. Hakukulia katika nyumba isiyo na machozi. Baba yake alitamani mtoto wa kiume, na mama alizaa mabinti. Hatimaye wazazi wakatengana. Binti huyo alijua mapema uchungu wa kuumizwa na watu wa nyumbani.

Akiwa bado msichana alijiunga na Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Mwaka 1959 aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Alifundisha shule na kufanya kazi za nyumba ya kitawa, zile ambazo hakuna anayezipigia makofi.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba waliingia Bafwabaka. Masista walipakiwa kwenye lori, wakaishia Isiro. Usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Kanali mwingine, Olombe, naye akamtaka, akajaribu kumwingiza kwa nguvu katika gari. Alikataa tena. Olombe akampiga vibaya. Katikati ya mapigo hayo Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, maana hajui analolifanya, kama Bwana wetu alivyowaombea waliomsulubisha. Akachomwa visu vya bunduki, kisha akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mwili wake ulipofukuliwa miezi kadhaa baadaye, ulitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Siku hiyo Papa alitamka kwamba naye, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe muuaji yule. Olombe alikuwa bado hai.

Ndugu zangu, angalieni vizuri. Anuarite hakuita uovu jina zuri. Aliukataa mpaka kufa. Lakini mtu aliyeutenda hakumtupa nje ya huruma ya Mungu. Kukataa kwake na kusamehe kwake kulitoka katika moyo mmoja: alikuwa mali ya Kristo, basi hakuwa na nafasi ya dhambi wala ya chuki.

Huku kwetu Haydom, Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe tunakutana mnada mmoja na kupanga foleni hospitali moja. Hata hivyo ugomvi wa ng'ombe walioibwa au mpaka wa shamba unaweza kutoka kwa babu ukamfikia mjukuu. Anayedai haki yake barazani hatendi dhambi. Mwizi aitwe mwizi, na ng'ombe arudi zizini. Dhambi huanza pale ninapomtakia mwenzangu mabaya, nikamfundisha na mtoto wangu kumchukia.

Tunapiga magoti kwenye kitubio tukiomba tufutiwe makosa mengi. Tukitoka pale, tunaweza kumkaba jirani kwa kosa moja? Kusamehe hakuji siku moja, na Mungu anajua jeraha lako lina kina gani. Anza na dogo: mtaje kwa jina katika sala yako ya jioni yule usiyetaka hata kumsikia. Mtaje na kesho.

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.