Paul Robeson: Mwamba wa michezo minne aliyejifunza Kiswahili

Wengi wanamkumbuka kwa sauti yake nzito, lakini kabla ya jukwaa Paul Robeson alikuwa mtu wa viwanjani hasa.

Alizaliwa 1898 huko Princeton, Marekani, baba yake akiwa mchungaji aliyetoroka utumwani. Mwaka 1915 akaingia chuo cha Rutgers, mweusi peke yake. Kwenye majaribio ya timu ya futiboli ya Kimarekani, wenzake walimvunja pua na kumtegua bega. Aliporudi, mmoja akamkanyaga mkono kwa njumu. Jamaa hakuondoka. Akachukua namba, na 1917 akatajwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima. Na huyo huyo, 1916, aliwekwa nje kwa sababu tu wapinzani, Washington and Lee, waligoma kucheza na mweusi. Inauma.

Kwenye kikapu alicheza senta. Besiboli alicheza, kisahani alirusha. Darasani ndo usiseme: 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya wahitimu. Akasomea sheria Columbia huku akicheza futiboli ya kulipwa Akron na Milwaukee, akamaliza 1923.

Uwakili haukudumu, karani mzungu alikataa kumwandikia kazi zake. Akahamia kwenye kuimba na kuigiza. Akiwa London, 1934, akajifunza Kiswahili.

Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa, akairudishiwa 1958. Alifariki 1976. Jumba la heshima la futiboli ya vyuo lilimwingiza 1995, miaka 19 akiwa kaburini.