Sir Albert Howard: Mtaalamu aliyekubali kufundishwa na wakulima

NDUGU msomaji, wewe uliyerudi nyumbani ukakuta shamba limechoka, na wewe unayevuka Mugina na Manyovu kila siku ya soko na kikapu cha mboga, leo nimeona nikusimulie maisha ya mtu aliyefariki zamani, lakini kazi yake ipo hata nyuma ya jiko langu. Mtu huyo si mwingine bali ni Sir Albert Howard.

Jina lake nililisikia kwanza kambini, wilayani Kasulu nchini Tanzania, nilikokimbilia na mama mwaka 1993. Mwalimu wetu wa sayansi alitusimulia habari zake tukipalilia bustani ya shule. Siku zile niliona ni somo la kujibia mtihani tu.

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 huko Shropshire, Uingereza, akiwa mtoto wa mkulima. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1899 alipata kazi katika visiwa vya Karibi, akichunguza magonjwa ya miwa kule Barbados. Huko ndiko shaka ilikomwingia. Alishinda maabara na darubini yake, lakini alitakiwa kuwashauri wakulima mambo ambayo yeye mwenyewe hajayajaribu shambani.

Mwaka 1905 alikwenda India, wakati huo koloni la Uingereza, kuwa mtaalamu wa mimea katika kituo cha Pusa. Mwaka huohuo alimwoa Gabrielle Matthaei, naye mtaalamu wa mimea aliyesoma Cambridge. Walifanya kazi bega kwa bega, wakatoa aina mpya za ngano zilizowafaa wakulima. Haki isemwe: sifa nyingi anazopewa mume ni jasho la mke pia.

Pale Pusa Howard aliomba shamba la kulima mwenyewe. Badala ya kuanza kufundisha, alianza kutazama. Aliona kwamba mazao ya wanavijiji wa jirani hayasumbuliwi sana na wadudu, ingawa hawakuwa na dawa yoyote ya kunyunyizia. Basi akawafanya wakulima na wadudu kuwa maprofesa wake. Mkulima alimwonyesha njia njema, na mdudu alimwonyesha mmea dhaifu ulioota mahali pasipoufaa. Kwa msomi wa zama za ukoloni, huo haukuwa unyenyekevu mdogo.

Mwaka 1924 yeye na mkewe walianzisha taasisi ya utafiti katika mji wa Indore. Tatizo walilolikuta tunalijua hata sisi. Samadi nyingi ilikaushwa na kuchomwa kama kuni, na shamba likabaki na njaa. Howard alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani F. H. King, kilichotoka mwaka 1911, kikieleza jinsi wakulima wa China walivyorudisha kila taka ardhini kwa karne nyingi. Akaunganisha elimu hiyo na desturi za Wahindi, akisaidiana na mkemia Yeshwant Wad. Ndipo ikazaliwa njia ya Indore ya kutengeneza mboji, yaani mbolea ya vunde.

Njia yenyewe ni hii. Unatandaza mabaki ya mimea, mabua, magugu na maganda, unene wa inchi 6. Juu yake unaweka samadi inchi 2, kisha unanyunyiza udongo uliochanganywa na majivu, na maji ya kulowanisha bila kutotesha. Unarudia hivyo hadi lundo lifike kama futi 5, ukiacha matundu ya kupitisha hewa. Lundo hupata joto kali, kwa sababu viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wamo kazini. Unaligeuza mara mbili, na baada ya miezi mitatu hivi mboji iko tayari, nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka 1931 Howard na Wad walichapisha kitabu kuhusu njia hiyo, naye Howard akaondoka India. Mwaka 1933, meli aliyosafiria iliposimama Mombasa, alifika bara la Kenya na kushuhudia shamba la kahawa karibu na Kiambu likianza kutengeneza mboji kwa njia yake. Mwaka 1934 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1940 akatoa kitabu chake kikubwa, An Agricultural Testament. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1947. Leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa kilimo hai.

Hakuwa malaika. Uzeeni aliilaumu mno mbolea ya dukani, akaamini kwamba udongo wenye afya peke yake ungezuia karibu kila ugonjwa wa mimea na mifugo. Wataalamu wengi hawakukubaliana naye. Ng'ombe bado anahitaji chanjo.

Sasa nirudi kwetu. Niliporudi mwaka 2008, shamba la marehemu baba lilikuwa mikononi mwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyebaki nchini miaka yote. Tuligawana kwa maneno machungu. Kipande nilichopata kilikuwa chembamba, udongo mwekundu umechujuka, na lengalenga niliyopanda ikatoka njano. Sikuwa na ng'ombe wala fedha ya mbolea.

Ndipo nikamkumbuka Howard. Lundo la kwanza nilikosea: nilirundika maganda mabichi matupu, nikayashindilia, yakanuka mpaka kaka akaja kulalamika. Alipoona ninachojaribu, aliniambia kimekosekana kinyesi cha mbuzi. Yeye alikuwa na mbuzi, mimi nilikuwa na maganda na majani. Lundo la pili tulilijenga pamoja, mpakani mwa vipande vyetu, na mboji tukagawana nusu kwa nusu. Ulikuwa mgawo wa kwanza tuliofanya bila mzee wa kutuamua.

Sisemi kwamba lundo la taka linamaliza kesi za ardhi. Mpaka wetu bado upo palepale, na yapo maneno ambayo hatujaambiana. Lakini lengalenga sasa ni ya kijani, na mwenye mbuzi na mwenye maganda wanahitajiana.

Ndugu mfanyabiashara, maganda na majani yanayobaki sokoni jioni usiyaache njiani, yabebe nyumbani. Nawe uliyerudi kama mimi, kabla ya kumfundisha jirani yako uliyoyasoma ugenini, kwanza muulize amelimaje miaka yote ulipokuwa haupo.