Guido wa Arezzo, Mtawa Aliyeziwekea Nyimbo Ufunguo

Wanakwaya wetu wanaposimama Jumapili na karatasi zao zenye d, r, m, f, ni wachache wakumbukao kwamba wanatumia kazi ya mtawa mmoja wa Italia aliyeishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Jina lake Guido. Alizaliwa katika miaka ya 990, akawa mtawa wa Kibenedikto huko Pomposa, karibu na pwani ya Bahari ya Adriatiki, na huko alifundisha wavulana kuimba.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko tunavyodhani. Watawa waliimba mara nyingi, mchana na usiku, na nyimbo za mwaka mzima wa Kanisa zilikuwa nyingi mno. Vitabu vilikuwapo, lakini juu ya maneno ziliandikwa alama ndogondogo tu, za kuonyesha kwamba hapa sauti yapanda na pale yashuka. Yapanda kiasi gani, hazikusema. Aliyeujua wimbo alikumbushwa. Asiyeujua hakusaidiwa neno. Ilimpasa mtoto kukaa chini ya mwalimu na kurudia, kurudia, mpaka wimbo umeingia moyoni. Guido aliona watu wakimaliza miaka kumi katika kazi hiyo, na bado hawakuweza kuimba peke yao hata wimbo mdogo ambao hawakufundishwa. Tena walimu wenyewe hawakupatana, kila mmoja akishika aliyoyapokea kwa mwalimu wake.

Basi Guido akachora mistari. Wengine walikwisha kujaribu kabla yake, lakini yeye aliipanga hata alama zikakaa juu ya mistari na katika nafasi zilizo kati yake, kila mahali pakiwa na sauti yake. Kisha mwanzoni mwa mstari aliandika herufi. F ilisema, mstari huu ni wa sauti F. Na C vivyo hivyo. Mstari wa F aliupaka rangi nyekundu, wa C rangi ya manjano, kwa sababu chini ya sauti hizo mbili ndipo ilipo hatua fupi, ile nusu hatua ambayo waimbaji hujikwaa. Wasomao solfa wanaijua: ni mi kwenda fa, na ti kwenda do.

Herufi hiyo ndiyo tunayoiita leo ufunguo. Umbo lake limebadilika kwa kunakiliwa na watu wengi, hata G imejikunja kama konokono, na F imebaki na nukta mbili mahali pa mikono yake miwili. Lakini kazi ni ile ile, na lazima ikae mahali pake hasa. Mwandishi akiipandisha mstari mmoja tu, kila alama ya wimbo inageuka kuwa sauti nyingine, ijapokuwa hakugusa hata moja. Wanaochapa nyimbo kwa kompyuta siku hizi wanalijua jambo hili. Chini ya ufunguo wa G wa sauti ya tatu, yaani teno, huwekwa tarakimu 8, kuwaambia waimbe oktavu moja chini. Tarakimu hiyo ikisukumwa juu ya ufunguo, maana yake inakuwa oktavu moja juu, nao maskini hawatafika!

Ndugu zake wa Pomposa hawakufurahi. Walimwonea wivu, na mnamo mwaka 1025 Guido aliondoka akaenda Arezzo. Askofu Theodald alimpokea, akampa waimbaji wa kanisa kuu awafundishe, na Guido akamtolea askofu huyo kitabu chake Micrologus. Sifa zikafika Roma. Yapata mwaka 1028 Papa Yohana XIX alimwita, akafungua kitabu cha nyimbo chenye mistari, akauliza maswali mengi, wala hakuondoka kitini mpaka amejifunza mstari mmoja wa wimbo ambao hakupata kuusikia. Mzee wa watu, akaimba mwenyewe!

Guido hakukaa Roma. Joto na unyevu wa kiangazi vilimdhuru. Kabla ya kuondoka alikutana na abate wake wa zamani wa Pomposa, naye akakiona kile kitabu, akajuta, akamsihi arudi.

Baadaye alimwandikia rafiki yake Mikaeli, mtawa wa Pomposa, barua ambayo tunayo hata leo. Ndani yake uchungu haujaisha: alijifananisha na fundi wa kale aliyeuawa kwa kuvumbua kioo kisichovunjika. Lakini katika barua hiyo hiyo alimfundisha Mikaeli njia yake nyingine. Alichukua wimbo wa Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ambao vifungu vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja hatua moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi akikutana na sauti asiyoijua, akumbuke kifungu kinachoanza nayo. Hivyo, alisema, miaka kumi inakuwa mmoja, au ikizidi sana miwili.

Silabi ya saba iliongezwa na wengine, na katika karne ya 17 ut ikawa do. Katika karne ya 19 Bibi Sarah Glover wa Norwich, na baada yake mchungaji John Curwen, waliziandika kwa herufi moja moja bila mistari, na kwa njia hiyo zikafika katika kwaya zetu. Arezzo wamemsimamishia Guido sanamu yake tangu mwaka 1882.