Quetelet: Mtaalamu wa nyota aliyetuachia kipimo cha unene kinachowachanganya wanamichezo

KILA mchezaji wa Bariadi anayepanda mizani kwenye zahanati au jimu, akapimwa urefu na kutajiwa BMI yake, anapimwa kwa hesabu ya mtu aliyefariki dunia mwaka 1874. Mtu huyo ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyebobea kwenye hisabati na nyota. Hakuwa daktari, wala kocha.

Hesabu yake imezunguka dunia nzima. Lakini ukifuatilia maisha ya jamaa huyu, utaelewa kwa nini haifai kuachiwa peke yake iamue nani kanenepa na nani yuko fiti.

Quetelet alizaliwa Februari 22, 1796 katika mji wa Ghent, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ufaransa. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka 7 tu, hivyo akaanza kujitafutia riziki mapema. Akiwa bado kijana mdogo alikuwa tayari anafundisha hisabati mjini kwao. Namba hazikuwa mapenzi yake pekee. Alichora, aliandika mashairi na pamoja na rafiki yake Dandelin alitunga tamthilia ya kuimbwa jukwaani.

Mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Ghent, kisha akahamia Brussels kufundisha. Huko alikuja na wazo la kujengwa kituo cha kuangalizia nyota, na mwishoni mwa 1823 akatumwa Paris kujifunza kazi hiyo inavyofanyika.

Safari hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha yake.

Somo la nyota

Paris ilikuwa na vigogo wa hisabati wa zama hizo, akiwamo Laplace na Fourier. Kwao Quetelet alijifunza jambo ambalo kila anayepima kitu anapaswa kulijua. Mtaalamu akipima mahali ilipo nyota mara kumi, hapati jibu moja mara zote kumi. Mkono unatikisika kidogo, jicho linakosea kidogo, chombo nacho kina kasoro zake. Dawa yake ni kupima mara nyingi, kisha kuchukua wastani.

Wenzake waliishia kwenye nyota. Quetelet akauliza kama somo hilo linaweza kutumika kwa binadamu. Akaanza kukusanya takwimu za urefu, uzito, umri, vifo na hata uhalifu. Alichukua vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Scotland na kuonyesha kwamba wengi wamejazana katikati, huku wenye vifua vidogo sana au vikubwa sana wakiwa wachache pande zote mbili. Yule wa katikati akamwita mtu wa wastani.

Kazi hiyo ilimfundisha pia kuwakamata wajanja. Mwaka 1844 alipitia urefu wa vijana 100,000 wa Ufaransa waliopimwa kwa ajili ya jeshi. Aliyekuwa chini ya sentimita 157 alikuwa anasamehewa. Quetelet akagundua kwamba wafupi walikuwa wengi kuliko inavyotarajiwa, huku waliozidi kidogo kiwango hicho wakipungua ghafla. Hesabu yake ikaonyesha kuwa vijana kama 2,000 hivi walifanikiwa kujifupisha ili wakwepe jeshi. Kumbe hata futi hudanganywa, mradi anayepimwa ana sababu ya kudanganya.

Kuzaliwa kwa hesabu

Kitabu kilichompa umaarufu kilitoka Paris mwaka 1835. Ndani yake Quetelet alishughulikia swali moja la uzito. Kama binadamu angekuwa anakua sawasawa pande zote kama sanduku, uzito ungepanda kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Vipimo vyake vikamwambia kuwa kwa watu wazima haiko hivyo. Uzito unakaribia kwenda na urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara mbili.

Basi hapo ndipo ilipotoka hesabu ya leo: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe.

Ikumbukwe kwamba Quetelet hakuwa anatafuta mnene. Alikuwa anaeleza mwili wa binadamu unavyokua, akiangalia maelfu ya watu kwa pamoja. Neno mafuta halikuwamo kwenye hesabu yake, na hata leo halimo.

Baada ya hapo alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa katibu wa kudumu wa Akademia ya Brussels tangu 1834, akaongoza kituo chake cha nyota, akashiriki kuandaa sensa ya Ubelgiji ya 1846, na mwaka 1853 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa takwimu ukafanyika Brussels kwa juhudi zake. Mwaka 1855 alipata kiharusi kilichoharibu kumbukumbu yake, ingawa aliendelea kuandika. Alifariki Februari 17, 1874, zikiwa zimebaki siku 5 atimize miaka 78.

Wanasoka wa Marekani waliokataliwa

Kasoro ya kutegemea kilo na urefu ilikuja kuonekana michezoni. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, Albert Behnke, na wenzake walichapisha matokeo ya wachezaji 25 wa kulipwa wa soka la Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na urefu yaliyotumika wakati huo, 17 kati yao wangehesabiwa wanene wasiofaa jeshi.

Behnke aliwapima wakiwa ndani ya maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji, misuli na mifupa ni mizito zaidi, hivyo uzito wa mtu akiwa amezama unaonyesha ndani yake kuna nini. Majibu yakawaumbua wenye majedwali. Wengi wa vijana hao walikuwa wamejaa misuli, mafuta kidogo.

Mkulima wa pamba wa Bariadi, Maswa au Meatu analielewa jambo hili bila darasa. Mizani ya chama cha ushirika inasema kilo tu. Haisemi kama ndani ya mzigo kuna pamba safi, fifi, mchanga au maji. Anayetaka kujua lazima aingize mkono na kukagua.

Pamoja na hayo, mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walirudi kwa Quetelet. Walilinganisha hesabu mbalimbali kwa wanaume zaidi ya 7,400 wa nchi 5, wakaona ya Mbelgiji haizidiwi na nyingine rahisi, na wao ndio walioipa jina la BMI. Waliipendekeza kwa uchunguzi wa makundi ya watu, kama alivyoitumia mwenyewe.

Tatizo linaanza inapoletwa kwa mtu mmoja. Beki mwenye urefu wa mita 1.75 na kilo 86 anapata 28, anaandikwa ana uzito uliozidi. Huenda ni misuli mitupu. Mwenzake wa urefu huohuo mwenye kilo 70 anapata 22.9, anapongezwa, kumbe ana kitambi na mapaja membamba. Kocha akimwamuru wa kwanza apungue kilo 8, atampunguzia nguvu. Kwa binti ni hatari zaidi, maana mwili wa mwanamke unahitaji mafuta mengi kuliko wa mwanamume, na akibanwa kupita kiasi anaweza hata kukosa hedhi.

Upime na nini?

Kipimo cha ndani ya maji na mashine ya eksirei iitwayo DEXA vinaaminika zaidi, lakini ni vya maabara na hospitali kubwa. Klabu ya wilaya haiwezi kuvitegemea.

Mizani za kisasa zinazotaja asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo sana miguuni. Umeme hupita vizuri kwenye maji na vibaya kwenye mafuta. Kwa hiyo mwendesha baiskeli akipanda mizani hiyo mara baada ya kuloa jasho kwenye jua la Simiyu, na kesho yake akapanda akiwa amekunywa maji ya kutosha, atapata majibu mawili wakati mafuta yake ni yaleyale.

Kibano cha kupimia mikunjo ya ngozi ni cha bei nafuu zaidi na hakihitaji umeme, ila kinahitaji mkono uliozoea. Hata mpimaji mzuri anaweza kupishana na kipimo cha maabara kwa asilimia 3 hadi 4. Halafu fomula inayogeuza milimita kuwa asilimia inategemea nani walipimwa wakati inatengenezwa. Mojawapo ya fomula maarufu, ya Durnin na Womersley ya mwaka 1974, ilitokana na watu waliopimwa Glasgow, Scotland. Ndiyo maana wataalamu wengi wa michezo huacha asilimia, wakajumlisha milimita za mikunjo yote na kuangalia kama zinapanda au kushuka.

Asiye na kibano ana utepe wa fundi cherehani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Hata kamba inatosha: ikate sawa na urefu wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni. Isipofika, kuna kazi ya kufanya.

Chombo chochote kitakachochaguliwa, sheria ni ileile aliyoikuta Quetelet kwa watazama nyota wa Paris. Apime mtu yuleyule, kwa chombo kilekile, sehemu ileile ya mwili, saa ileile, asubuhi kabla ya mazoezi na ngozi ikiwa kavu. Arudie mara tatu, achukue wastani, aandike daftarini na tarehe. Kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini vya miezi mitatu vikipangwa pamoja vinamwonyesha kocha kama mchezaji anapunguza mafuta au anapoteza misuli.