Ronald Ngala: Mwalimu wa Mbale Aliyefika Lancaster House

Msafiri wa zamani aliyetoka Mombasa kwenda milima ya Taita alishuka garimoshi Voi, na hapo bado alikuwa na safari mbele yake. Kutoka stesheni alishika njia ya Mwatate, akapita mashamba ya mkonge, kisha akaanza kupanda mlima hadi alipokutana na baridi ya Wundanyi. Karibu na hapo ndipo palipo Mbale, mahali palipojulikana tangu zamani kwa kanisa na shule ya misheni ya CMS.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika huko kijana mmoja wa Kigiriama kushika ukuu wa shule. Hakuwa mzaliwa wa milima ile wala Kidawida hakikuwa lugha ya mama yake. Jina lake lilikuwa Ronald Gideon Ngala.

Wananchi wengi leo humjua marehemu Ngala kwa siasa. Humtaja pamoja na chama cha KADU na neno majimbo, au hupita tu katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi bila kuuliza alikuwa nani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu, na kwamba bila kazi hiyo huenda tusingalimsikia kamwe.

MTOTO WA KILIFI

Bw. Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, wilaya ya Kilifi. Alianza masomo katika shule ya misheni ya St. John's, Kaloleni, akaendelea Alliance High School huko Kikuyu, na mwisho akaingia Makerere nchini Uganda, alikopata diploma ya ualimu. Waafrika wa Pwani waliofika Makerere siku zile walikuwa wachache mno. Yeye alirudi kwao kufundisha watoto.

Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Alikiandika kwa Kiswahili, hivi kwamba Mtaita, Mdigo au Mswahili wa Mombasa angeweza kukisoma na kumjua jirani yake. Mtu aliyekuwa bado hajatimiza miaka thelathini alikuwa amekwisha ona kwamba mila zisipoandikwa zitapotea pamoja na wazee.

SHULE YA MILIMANI

Ili kuelewa uzito wa kazi ya Mbale, ni lazima kukumbuka elimu ya Mwafrika ilivyokuwa. Baada ya ripoti ya tume ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto alisoma miaka minne ya kwanza kisha akakabili mtihani wa kuchuja. Wengi walikomea hapo, wakarudi kuchunga mbuzi au wakaenda kutafuta kibarua. Waliobahatika waliendelea hadi darasa la nane, na huko nako walingojewa na mtihani mwingine. Mwalimu mkuu ndiye aliyesimama katika mlango huo mwembamba. Kila aliposhindwa mtoto, mzazi aliyekuwa ameuza mbuzi ili kulipa karo alijua nani wa kuuliza.

Wala kazi ya mwalimu wa siku zile haikwisha kengele ilipolia. Ni yeye aliyesomea wazee barua za vijana wao waliokuwa kazini Mombasa au katika mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, na ni yeye aliyeandika majibu. Karatasi ikitoka kwa Bwana Shauri, aliitwa aifafanue. Kanisani alisaidia, mkutanoni alishika kalamu. Kazi hizo hazikuwa na mshahara, na watu hawakuona ajabu, kwa maana ualimu ulihesabiwa kuwa ni utumishi wa jamii nzima.

Zaidi ya hayo, ilikuwa ni miaka migumu. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka uliofuata chama cha KAU kilipigwa marufuku. Kisha Manyani, si mbali na Voi, ikafunguliwa kambi kubwa ya wafungwa wa kisiasa, na treni zilizowaleta zilipita reli ile ile iliyowaleta walimu na vitabu. Vyama vilipofungwa na viongozi wengi kutiwa kizuizini, mtu aliyebaki mbele ya watu, akiaminiwa na wazazi na kusikilizwa na vijana, mara nyingi alikuwa mwalimu.

Kutoka Mbale, Bw. Ngala alihamia Mombasa kuongoza shule ya Buxton, na baadaye akawa msimamizi wa shule.

KUTOKA DARASANI HADI BARAZANI

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo waliteuliwa na Gavana. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimbidi mtu awe na elimu, mali au utumishi fulani, na wengine walipewa kura zaidi ya moja. Viti vilikuwa vinane tu. Kiti cha Pwani, kilichojumuisha Taita pia, kilikwenda kwa Bw. Ngala. Miongoni mwa wenzake waliochaguliwa walikuwamo walimu wengine, kama Bw. Daniel arap Moi na Bw. Masinde Muliro. Jambo hilo halikuwa la bahati. Wapiga kura walichagua watu waliokwisha waona kazini.

Januari 1960 ulipofanyika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, ni Bw. Ngala aliyeuongoza ujumbe wa Waafrika, na Bw. Tom Mboya akawa katibu. Wajumbe hao walikuwa na mashindano makali baina yao, nao walihitaji mtu mtulivu wa kuwashika pamoja. Aliyewahi kutuliza darasa lenye watoto wa kila ukoo aliiweza kazi hiyo.

Juni mwaka huo huo KADU iliundwa, naye akawa rais wake. Hofu ya chama hicho ilikuwa kwamba makabila madogo yangemezwa na makubwa baada ya Uhuru. Dawa waliyoitaka ni majimbo. Wapinzani wao katika KANU walisema siasa hiyo ingeigawanya nchi. Ubishi huo haujaisha, na ugatuzi ulioletwa na katiba ya mwaka 2010 umewafanya wengi wamkumbuke tena.

Mwaka 1961, KANU ilipokataa kuunda serikali kabla ya Mzee Kenyatta kuachiliwa, KADU iliingia madarakani. Bw. Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu. Mwalimu wa Mbale sasa alishika, ingawa kwa muda mfupi, elimu ya nchi nzima.

Baada ya uchaguzi wa 1963 aliongoza Jimbo la Pwani. Novemba 1964 alitangaza kuvunjwa kwa KADU na kujiunga na KANU. Wako waliomlaumu kwamba aliwaacha watu wake. Wako waliomsifu kwamba aliepusha ugomvi katika nchi changa. Baadaye alishika wizara kadhaa.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali huko Konza, katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Ilielezwa kuwa nyuki waliingia garini. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na hata leo maswali yangalipo. Aliaga dunia siku ya Krismasi, akiwa bado hajafika miaka hamsini.

Wanasiasa huachiwa barabara na majengo, naye ameachiwa vyote viwili, kikiwamo chuo cha utalii cha Vipingo. Lakini mwalimu huacha kitu kisichoandikwa jina. Katika milima ya Taita kizazi cha watoto kilipita mikononi mwa walimu wa namna yake, kikajua kusoma, kikafundisha kizazi kingine. Tukimtaja marehemu Ngala kwa KADU peke yake, tunaisahau kazi iliyowafanya watu wamwamini kwanza.