Diem na nguo ya kuazima

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii hunijia kila ninaposikia kiongozi, wa bara lolote lile, akiyaita majeshi ya kigeni yaje kumwokoa na wananchi wenzake. Nayo huja pamoja na jina la mtu ambaye vijana wa leo hawamjui sana, Ngo Dinh Diem, rais wa kwanza wa Vietnam Kusini.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa historia alizimaliza habari za Diem kwa neno moja tu: kibaraka. Nami nililibeba neno hilo miaka mingi bila kulipima. Leo naungama kuwa nilimdhulumu marehemu. Maisha yake yanasikitisha kuliko ya kibaraka, na funzo lake ni zito zaidi.

Diem alizaliwa mwaka wa 1901 katika ukoo wa Kikatoliki uliohudumu katika jumba la kifalme la Hue, wakati Vietnam ikitawaliwa na Wafaransa. Alisomea utawala mjini Hanoi, akawa gavana wa mkoa angali kijana, na mnamo 1933 Mfalme Bao Dai akamteua waziri wa mambo ya ndani. Hakudumu. Alipong'amua kuwa yeye alipewa cheo ilhali amri zilitoka kwa Wafaransa, alijiuzulu baada ya miezi michache. Je, kibaraka hufanya hivyo? Fauka ya hayo, mwaka wa 1945 Wakomunisti walimkamata, na kaka yake mkubwa wakamuua. Ho Chi Minh alipomwita baadaye na kumpa nafasi serikalini, aliikataa.

Mnamo 1950 alikwenda ng'ambo. Kwa muda aliishi katika seminari za Marekani, mtu mcha Mungu asiyewahi kuoa, huku akijuana na wanasiasa wakubwa, akiwemo seneta kijana aliyeitwa John Kennedy. Urafiki huo ungemnyanyua, na hatimaye ungemwangusha.

Mei 1954 Wafaransa walishindwa vitani huko Dien Bien Phu. Julai mwaka huo, mkutano wa Geneva uliigawa Vietnam vipande viwili kwenye latitudo ya 17. Kaskazini kulikuwa kwa Wakomunisti wa Ho Chi Minh, kusini kwa wapinzani wao, na uchaguzi wa kuwaunganisha ungefanywa mwaka wa 1956. Watu wapatao milioni moja, wengi wao Wakatoliki, walihamia kusini. Bao Dai alikuwa amekwisha kumteua Diem waziri mkuu.

Wengi walidhani hatamaliza mwaka. Lakini mnamo 1955 aliwashinda majambazi wa Binh Xuyen waliokuwa wamewatia mkononi polisi wa Saigon. Kisha akamng'oa Bao Dai mwenyewe kwa kura ya maoni iliyompa Diem asilimia 98. Mjini Saigon alipata kura zipatazo 605,000, ilhali waliojiandikisha walikuwa 450,000 hivi. Sisi tunaozifahamu kura za aina hiyo hatuhitaji maelezo zaidi. Uchaguzi wa 1956 aliukataa, akishikilia kwamba kaskazini hakuwezi kupigwa kura ya haki. Marekani ilimuunga mkono, na mwaka wa 1957 Rais Eisenhower alikwenda mwenyewe kumlaki katika uwanja wa ndege.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo alipovaa nguo ya kuazima. Fedha za Marekani ndizo zilizowalipa askari wake na kuendesha serikali yake. Serikali inayolishwa na mgeni haioni haja ya kumbembeleza mkulima. Diem alifuta uchaguzi wa viongozi wa vijiji, akawapelekea watu wake. Nduguye Nhu alisimamia polisi wa siri, na ndugu wengine wakawa na nguvu mikoani. Sheria ya mwaka wa 1959 iliziruhusu mahakama za kijeshi kuwahukumu wapinzani kifo. Desemba 1960 waasi wa kusini, wakisaidiwa na Hanoi, waliunda chama chao cha ukombozi, na vita vikapamba moto.

Siwatakasi wa kaskazini. Nao waliwaua maelfu katika kugawa ardhi, na silaha zao zilitoka Urusi na Uchina. Lakini wao walikuwa na mizizi vijijini, mahali ambapo Diem alikuwa na wapokea mishahara.

Ajabu ni kwamba Diem mwenyewe aliwaogopa askari wa kigeni. Alijua kuwa wakijaa nchini, wananchi watamwona kama mrithi wa Wafaransa. Hata hivyo, washauri wa kijeshi wa Kimarekani, waliokuwa chini ya 1,000 Kennedy alipoingia madarakani mwaka wa 1961, walifika 16,000 hivi kabla ya 1963 kwisha. Angewakataaje, naye alikula mezani kwao?

Mei 1963 majeshi yake yaliwapiga risasi Wabudha waliokuwa wakiandamana mjini Hue. Juni, mtawa Thich Quang Duc alijichoma moto hadharani mjini Saigon, na picha yake ikauzunguka ulimwengu. Agosti, askari walivamia mahekalu. Marekani ikachoka. Balozi wake aliwafahamisha majenerali wa Diem kwamba mapinduzi hayatazuiwa. Yakafanyika Novemba 1, na kesho yake Diem na Nhu wakauawa ndani ya gari la deraya, baada ya kutoka kanisani walimokimbilia. Wiki tatu baadaye Kennedy naye akauawa.

Waliodhani kumwondoa Diem kungekiponya kidonda waliambulia patupu. Serikali zilibadilishana mjini Saigon kama wageni katika nyumba ya kulala. Machi 1965 askari wa miguu wa Marekani walitua Da Nang, na katika miaka mitatu tu wakapita nusu milioni. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa, na Wavietnam waliokufa waliipita idadi hiyo mara nyingi mno. Saigon ilianguka Aprili 30, 1975.

Basi simwiti tena kibaraka. Kibaraka huuza nchi akijua. Diem aliipenda nchi yake, lakini alitaka kuitawala kwa mfuko wa mwingine, na mwenye mfuko ndiye aliyeamua siku yake ya mwisho. Kiongozi anayeazima jeshi la kumlinda dhidi ya watu wake na ajiulize swali hili mapema: mwenye nguo akiidai, atabaki na nini mwilini?