Maalin: Mpishi aliyedhaniwa ana tetekuwanga kumbe ni ndui

MWISHONI mwa Oktoba 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuambiwa kwamba vipele vilivyomtoka mwilini ni vya tetekuwanga. Haikuwa hivyo. Ali Maow Maalin alikuwa na ndui, naye ndiye binadamu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya asili.

Maalin alizaliwa mwaka 1954 katika mji huo wa pwani, kusini mwa Mogadishu. Kazi yake ilimweka karibu na wahudumu wa afya, na kuna wakati alifanya kibarua katika kampeni ya kuangamiza ndui. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwa na kinga, kwani aliogopa maumivu ya sindano na kuikwepa chanjo.

Oktoba 12, 1977, gari lililowabeba watoto wawili wenye ndui lilifika hospitalini, dereva akiulizia njia ya kufika mahali walikotengwa wagonjwa. Maalin, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alipanda ili amwelekeze. Safari hiyo ilichukua dakika chache tu, lakini zilitosha. Mmoja wa watoto hao, msichana wa miaka sita, alifariki.

Siku kumi baadaye Maalin alishikwa na homa, akatibiwa malaria. Vipele vilipojitokeza, vikadhaniwa kuwa tetekuwanga. Yeye alishuku kwamba ni ndui, ila alihofia kutengwa, akanyamaza. Jamaa na marafiki wakafika nyumbani kumjulia hali, bila kujua hatari waliyokuwa wakijitia.

Maradhi hayo mawili hufanana kwa mbali, lakini yana tofauti zake. Vipele vya ndui hujaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na kwenye nyayo, na vyote hukomaa kwa pamoja. Vya tetekuwanga huanzia zaidi kifuani, tumboni na mgongoni, navyo hutoka kwa awamu, hivi kwamba vipya, vyenye maji na vilivyokauka huonekana kwa wakati mmoja.

Oktoba 30, muuguzi aliyemfahamu alipiga ripoti. Maalin alitengwa, hospitali ikafungiwa wagonjwa wapya, na watu 161 waliokuwa wamekaribiana naye wakasakwa. Katika muda wa majuma mawili, watu 54,777 walichanjwa mjini humo na viungani mwake. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Maalin, naye akapona.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 26, 1979, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imekwisha kuwa huru kutokana na ndui. Mei 1980, ulimwengu mzima ukatangaziwa vivyo hivyo.

Maalin hakuyasahau yaliyompata. Somalia ilipokabiliana na ugonjwa wa kupooza, yaani polio, alijitolea kwenda nyumba kwa nyumba akiwahimiza wazazi wawapeleke watoto kupata matone ya chanjo. Aliwasimulia waliositasita jinsi alivyoikimbia sindano na gharama aliyoilipa. Mwaka 2008, nchi yake ilitangazwa kuwa imeshinda polio. Virusi viliporejea mwaka 2013, alirudi kazini. Akiwa katika shughuli hiyo alishikwa na malaria, akafariki Julai 22, 2013, akiwa na umri wa miaka 59.

Funzo la maisha yake lingali na uzito katika mitaa kama Soweto Mashariki, Kibera, na Kawangware, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja. Hapo tetekuwanga ya mtoto mmoja huwafikia wengine upesi, kwani mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, hadi vyote vikauke.

Kwa watoto wengi wenye afya, ugonjwa huo hupita wenyewe. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Mama aliyewahi kuugua zamani kwa kawaida humpa mwanawe kingamwili akiwa tumboni, nazo humlinda katika miezi ya mwanzo. Lakini mama akitokwa na vipele kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, mtoto hupata virusi kabla ya kupata kinga hiyo. Mapafu, ini na ubongo vyaweza kushambuliwa, na asipotibiwa mapema anaweza kufa. Madaktari huweza kumpa sindano ya kingamwili pamoja na dawa ya kupambana na virusi, mradi wapate habari kwa wakati.

Kwa hiyo, mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga na amekaa na mgonjwa anapaswa kumwarifu mkunga au daktari mara moja, bila kungoja vipele. Mtoto mchanga mwenye vipele, homa, au anayekataa kunyonya apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini, kwani yaweza kumdhuru ini na ubongo.

Haja ya kutofautisha vipele haikuisha na ndui. Julai 2024, Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, maradhi yaliyo katika ukoo mmoja na ndui, ambayo nayo ni rahisi kudhaniwa kuwa tetekuwanga. Merca iliokolewa na muuguzi mmoja ambaye hakuridhika na jina ambalo ugonjwa ulikuwa umepewa.